Pemba Isiyo na Karafuu: Jinsi Mkoa Wetu Ulivyopata Makao Makuu

Ukimwambia Mtanzania kwamba familia yako iko Pemba, atakuuliza habari za karafuu, na pengine atakuuliza kama unatoka Wete au Chake Chake. Mimi nimeshazoea. Pemba ninayoizungumzia iko kusini ya Ruvuma, Msumbiji, kwenye rasi iliyouzungushia mkono mlango wa ghuba moja pana. Ndiyo makao makuu ya mkoa wa Cabo Delgado. Mimi ni mtu wa Mocímboa da Praia, mji ambao kwa Kimwani tunauita Nsimbwa, na kwa muda mrefu Pemba kwetu ilikuwa mji wa kufuata karatasi: kitambulisho, cheti, mtihani, barua yenye muhuri. Insha hii inataka kueleza kwa nini karatasi hizo zikawa kule na si kwingineko, na mji uliopewa kazi ya kutawala mkoa ulitokea kuwa mji wa namna gani.

Tuanze na ramani. Kutoka Nsimbwa kwenda Mtwara ni karibu kuliko kwenda Pemba, ijapokuwa Mtwara ni nchi nyingine. Barabara ya kwenda Pemba ina zaidi ya kilomita 300. Inapita Awasse, inavuka mto Messalo, inapita Macomia, kisha inaifuata bara mpaka njia panda ya Sunate, ndipo igeuke tena kuelekea baharini. Kwa jahazi njia ni fupi zaidi, lakini inategemea upepo wa kaskazi au kusi. Makao makuu yetu hayako katikati ya mkoa. Yako chini kabisa, karibu na mpaka wa kusini. Mtu aliyechagua mahali pale hakuwa anatufikiria sisi wa juu.

Kabla ya Pemba, makao makuu yalikuwa Ibo. Wamwani wanakiita kisiwa hicho Wibu. Ni kisiwa kidogo katika funguvisiwa la Kirimba, kimezungukwa na mikoko, na maji yakikupwa unaweza kuona watu wakitembea mahali ambapo saa sita nyuma kulikuwa na mashua. Wareno walifika visiwa hivyo mwanzoni mwa karne ya 16, wakakuta Waislamu wafanyabiashara waliokuwa wakifuma kitambaa kilichojulikana pwani nzima kwa jina la maluane. Ibo yenyewe ilipata nguvu baadaye, katika karne ya 18, Wareno walipoipa hadhi ya mji mdogo na kuijengea ngome. Kubwa kuliko zote ni ngome ya São João Baptista, yenye umbo la nyota, iliyomalizika 1791.

Utajiri wa Ibo ulitoka wapi? Ulitoka kwa watu. Kulikuwa na pembe za ndovu, kulikuwa na kauri, lakini jumba zile nene zenye baraza za nguzo zilijengwa hasa kwa faida ya biashara ya watumwa. Waliletwa kutoka bara wakapakiwa kwenda visiwa vya Wafaransa, Mauritius na Réunion, na kwingineko. Wageni wa leo huzipiga picha nyumba hizo na kusifu utulivu wa kisiwa. Ni kweli kisiwa kimetulia. Mimi naona afadhali msifiaji ajue kwanza ni nini kilichokuwa kikipita kwenye milango ile.

Kwa hiyo makao makuu ya kwanza ya Cabo Delgado yalikuwa kituo cha kusafirishia. Hapakuhitajika barabara wala kituo cha katikati. Kilichotakiwa ni bandari yenye ulinzi dhidi ya majeshi ya bara na dhidi ya Wasakalava, ambao mwanzoni mwa karne ya 19 walikuwa wakivuka kutoka Madagaska kuvishambulia visiwa hivi. Kwa mahitaji ya wakati ule, kisiwa kilifaa.

Ghuba ya Pemba ilikuwa inajulikana siku zote. Mwaka 1857 gavana Jerónimo Romero alijaribu kuanzisha hapo makazi ya walowezi kutoka Ureno. Jaribio hilo halikudumu, baada ya miaka michache walowezi walikuwa wametawanyika. Jambo ambalo vitabu vya kikoloni hulipita haraka ni kwamba watu walikuwapo tayari. Kwenye ncha ya rasi, mchangani, palikuwa na kijiji cha wavuvi kinachoitwa Paquitequete. Kipo hadi leo, nacho ni mtaa wa Pemba. Nitakirudia, kwa sababu kwa maoni yangu huwezi kuuelewa mji huo ukianzia ofisi ya gavana.

Makao makuu yalihama kwa sababu ya kampuni. Ureno ya mwisho wa karne ya 19 ilikuwa na ramani kubwa na mfuko mdogo. Mwaka 1886 ilikubaliana na Ujerumani kwamba mpaka uwe mto Ruvuma, na mwaka uliofuata ikapiga mizinga Tungi, karibu na Palma ya leo, kumwondoa Sultani wa Zanzibar katika eneo hilo. Lakini kupata mpaka si kutawala. Mwaka 1891 serikali ya Lisbon iliamua kuikodisha nchi yote iliyo kaskazini ya mto Lúrio, kuanzia baharini mpaka Ziwa Nyasa, kwa Kampuni ya Niassa. Kampuni ilipewa haki ya kutoza kodi, kushika ushuru wa forodha, kugawa ardhi na kuweka askari wake. Kwa upande wake iliahidi mambo ya maendeleo, likiwemo lile kubwa kuliko yote: reli kutoka ghuba ya Pemba mpaka ziwani.

Hapo ndipo Ibo ilipopoteza. Meli za mvuke zilihitaji kina, na mkondo wa Ibo haukuwa nacho. Reli haiwezi kuanzia kisiwani. Ghuba ya Pemba ilikuwa na maji marefu, imekingwa na upepo, na ilikuwa bara. Katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20 Kampuni ikahamishia ofisi zake huko. Mji ulikuwa umeshapewa jina la Porto Amélia, kwa heshima ya mke wa Mfalme Carlos wa Ureno. Mfalme huyo aliuawa Lisbon 1908 na ufalme wenyewe ukaanguka 1910, lakini jina la malkia lilibaki kwenye mihuri yetu mpaka uhuru.

Na reli? Haikujengwa. Haikujengwa na Kampuni, wala haikujengwa na serikali iliyokuja baada yake. Reli ya kwenda ziwani ilikuja kuanzia Nacala, katika mkoa mwingine. Hili naliona kuwa jambo kubwa katika historia ya Pemba. Nairobi ni mtoto wa reli, na kila mtu anajua. Pemba ni mtoto wa reli ambayo haikuzaliwa. Ofisi zilitangulia kumngoja mgeni, mgeni hakufika, na ofisi zikabaki pale pale. Mji ukawa na ghuba kubwa sana na biashara ndogo sana.

Kampuni ilichoweza kujenga vizuri ni ukusanyaji wa kodi. Kila kibanda kilitozwa. Asiyekuwa na fedha alitoa kazi, na maelfu ya wanaume waliandikishwa kwenda migodini Afrika Kusini au kubeba mizigo. Hisa zenyewe zilikuwa zikiuzwa na kununuliwa Ulaya. Mwaka 1914 benki za Kijerumani zilikuwa zimezishika nyingi, na baada ya vita zikaangukia mikononi mwa tajiri wa meli wa Uingereza. Kwa hiyo kuna wakati mzee wa Nsimbwa au Mueda alikuwa akilipia kibanda chake kwa ofisi ya Porto Amélia, na faida inakwenda kwa watu ambao hawakuwa hata Wareno. Wengi walijibu kwa miguu: walivuka Ruvuma wakahamia Tanganyika. Baadhi ya wajukuu wao nimekutana nao darasani, wakijitambulisha kuwa watu wa Mtwara, na majina yao ya ukoo ni majina ya kwetu.

Novemba 1917 von Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma pale Ngomano akiwakimbia Waingereza, na mwezi uliofuata Waingereza wakashusha jeshi lao Porto Amélia ili wamfuate. Ghuba ile ile iliyoivutia Kampuni iliwavutia majenerali. Wapagazi walikufa kwa wingi, na mji ukapata gati zenye kelele kwa muda, halafu ukalala tena. Mkataba wa Kampuni ulikwisha Oktoba 1929 na serikali ya kikoloni ikachukua mkoa. Hadhi ya kuwa jiji ilikuja 1958.

Kuhama kwa makao makuu si kisa cha kwetu peke yetu. Msumbiji nzima ilifanya hivyo: hadi 1898 ilitawaliwa kutoka Kisiwa cha Msumbiji, kisha ikahamia Lourenço Marques, Maputo ya leo. Wajerumani walitoka Bagamoyo wakaenda Dar es Salaam. Lakini kisa kinachofanana sana na cha Ibo nilikisoma kuhusu mahali pa mbali kabisa, jimbo la Illinois katikati ya Marekani. Jimbo hilo lilipoundwa 1818 makao makuu yake yalikuwa Kaskaskia, mji wa kale wa wafanyabiashara wa Kifaransa kando ya mto Mississippi. Miaka miwili baadaye yakahamia Vandalia, na mwaka 1837 wabunge wakapiga kura yaende Springfield. Mmoja wa waliolipigania jambo hilo alikuwa mbunge kijana aitwaye Abraham Lincoln. Kaskaskia ikaachwa, na mwaka 1881 mto wenyewe ukabadili njia na kuufunika mji. Kilichobaki leo ni kipande cha ardhi upande usio wake wa mto, kikiwa na watu wachache wasiofika mia.

Tofauti ni kwamba Springfield ilichaguliwa kwa kura, na hoja mojawapo ilikuwa umbali: mkulima wa kaskazini na mkulima wa kusini wote waweze kufika. Miji mingi ya namna hiyo Marekani ya kati iliwekwa katikati ya ramani kwa sababu hiyo. Sisi hatukuulizwa. Hata hivyo nisiisifu mno Springfield. Agosti 1908, katika mji huo huo wa Lincoln, makundi ya wazungu yalichoma nyumba za watu weusi na kuwaua wengine, na hasira iliyotokana na tukio hilo ilichangia kuundwa kwa chama cha NAACP mwaka uliofuata. Makao makuu yanaweza kuwa katikati ya ramani na bado yakawa na wakazi wanaoambiwa kwamba mji si wao.

Turudi Pemba. Mji una sura mbili na zinaonekana kwa macho. Juu kuna mtaa unaoitwa Cimento, yaani saruji, wenye ofisi, kanisa kuu, benki na nyumba zilizojengwa kwa ajili ya Wareno. Chini, kwenye ncha, kuna Paquitequete, na nyumba zake zimebanana mpaka ukingoni mwa maji. Katikati na nyuma kuna mitaa iliyokua watu walipohamia kutoka mkoani: Natite, Cariacó, Ingonane. Upande wa bahari kuu kuna Wimbe, kwenye ufuo wa hoteli. Kimakhuwa, Kimwani, Kimakonde na Kireno vinasikika katika soko moja, na mchuuzi anayejua biashara yake atakubadilishia lugha kabla hujafungua mdomo, kwa kukutazama tu ulivyovaa.

Wakati wa vita vya ukombozi, kuanzia Septemba 1964 pale Chai mpaka 1974, mkoa ulikuwa na makao makuu mawili kwa kweli. Moja lilikuwa Porto Amélia, lenye gavana na meli. La pili halikuwa na jengo: lilikuwa maeneo yaliyokombolewa huko juu, ambako amri zilitoka Tanzania na Kiswahili kilikuwa lugha mojawapo ya vita. Ngome ya Ibo, wakati huo, ilikuwa jela. Makao makuu ya zamani yalipewa kazi ya kuwafungia watu waliokataa makao makuu mapya. Baada ya uhuru wa 25 Juni 1975, jina la malkia likaondolewa na Pemba ikarudi kuitwa Pemba.

Ofisi hazikurudi Ibo, wala hakuna aliyeomba. Lakini kuna kitu Ibo haikupoteza. Kimwani kina lahaja kadhaa, na hadi leo wazee hukitaja Kiwibu kuwa ndicho Kimwani kizuri. Sisi wa Nsimbwa tunasema Kinsimbwa, na tukisema mbele ya mtu wa Ibo tunatabasamiwa kidogo. Zaidi ya miaka 100 imepita tangu kisiwa kiache kutawala mkoa, na bado kinatawala ulimi. Wafua fedha wake bado wanasuka mikufu myembamba kama uzi. Kwa heshima ya aina hiyo, Pemba haijafika popote.

Kisha ukaja wakati ambao uhusiano wetu na Pemba ulibadilika kabisa. Gesi iligunduliwa katika bahari ya bonde la Ruvuma kuanzia 2010, na Pemba ikaanza tena kungoja mgeni kama ilivyongoja reli: viwanja vilipanda bei, hoteli zikaongezwa vyumba, ndege za kwenda upande wa Palma zikawa nyingi. Tarehe 5 Oktoba 2017 vita vilianza kwetu, Nsimbwa, kwa shambulio la alfajiri kwenye vituo vya polisi. Mji ulivamiwa tena Machi 2020, tena Juni, na tarehe 12 Agosti 2020 ukaanguka moja kwa moja. Ulikaa mikononi mwa wapiganaji kwa mwaka mzima, mpaka majeshi ya Rwanda na Msumbiji yalipoingia tarehe 8 Agosti 2021. Mradi mkubwa wa gesi nao ulikuwa umesimamishwa baada ya Palma kushambuliwa Machi 2021.

Watu walikwenda wapi? Wengine Mueda, wengine Nampula, wengine walijaribu Tanzania. Wengi sana walikwenda Pemba, na sehemu kubwa yao walikwenda kwa bahari. Mwezi wa Oktoba 2020 mashua ziliingia Paquitequete siku baada ya siku, zimejaa akina mama, watoto, magodoro na kuku. Maelfu walishuka pale katika majuma machache. Hawakushukia bandarini kwenye ghuba ya maji marefu iliyosababisha mji uitwe makao makuu. Walishukia mchangani, kwenye kijiji kilichokuwapo kabla ya Kampuni.

Sidhani ilitokea hivyo kwa bahati. Nahodha wa mashua anaelekea mahali anapomjua mtu. Kwa karne nyingi wavuvi wa Nsimbwa, Ibo, Matemo na Paquitequete wamehamia ago kwa ago kufuata samaki, wameoana, wamepeana vijakazi vya majina na hadithi, wamehudhuria maulidi ya wenzao. Huo ulikuwa mkoa mwingine, usiochorwa na gavana yeyote, na siku ya shida ndio uliofanya kazi. Nyumba ya watu sita ililaza watu 20. Wenyeji waliopokea hawakuwa na mali, na misaada ilipofika baadaye ilikuta nusu ya kazi imekwisha kufanywa na majirani.

Haikuwa yote mazuri, na insha ya historia haifai kupaka sukari. Kodi ya vyumba ilipanda. Maji yalikuwa shida kwa wote, tukagombana kwenye mabomba. Kijana wa kaskazini asiye na kitambulisho alishukiwa, na wengi vitambulisho vyao vilikuwa vimeungua pamoja na nyumba. Tuliitwa kwa Kireno deslocados, waliohamishwa, na neno hilo liliganda. Mtu anaweza kuwa raia wa mkoa, akafika kwenye makao makuu ya mkoa wake mwenyewe, akaitwa jina la mgeni. Baadhi walipelekwa Metuge, ng'ambo ya ghuba, kwenye kambi zenye mahema yaliyopangwa mistari. Kutoka huko usiku unaona taa za Pemba juu ya maji.

Sasa familia nyingi zimerudi Nsimbwa. Wengine wamebaki na hawana mpango wa kurudi, kwa sababu wana kibanda cha biashara, au mtoto shuleni, au kaburi. Paquitequete imebadilika kusikika kwake: Kinsimbwa kinasemwa waziwazi sokoni, pamoja na Kiswahili cha watu wa Palma. Shangazi yangu aliyebaki huko anauza samaki wa kukaanga karibu na mahali mashua zilipokuwa zikitia nanga. Binti yake alizaliwa baada ya kukimbia, anaongea kama watoto wa Paquitequete, na akiulizwa kwao ni wapi hujibu Pemba bila kufikiri. Mama yake humrekebisha. Mtoto husema sawa, Nsimbwa, kisha anarudi kucheza.